Mkuki kwa nguruwe: tunavyowapimia majirani mpakani kwa sado tusiyoikubali kwetu

#1 · Himo, Kilimanjaro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Nimeuandika kwa siku tatu, maana kila nikifika katikati hasira zinanishika nauacha.

Mimi ni mzaliwa wa Himo. Kutoka kwetu hadi Holili ni mwendo wa bodaboda tu, ukivuka uko Taveta, Kenya. Siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, akina mama wa huku wanaamka saa tisa usiku kupakia ndizi, maharage na nyanya. Nimekulia juu ya magunia hayo. Upande wetu tunapimia sado, wenzetu wanapimia gorogoro, na mtoto wa mpakani anajua kubadilisha kichwani vipimo vyote viwili na shilingi zote mbili kabla hajamaliza darasa la tatu. Dada yangu ameolewa Taveta. Mke wangu nimemtoa Taveta. Kwetu hilo halijawahi kuwa jambo la ajabu.

Mke wangu alifungua saluni hapa Himo miaka tisa iliyopita. Draya mbili, viti vitatu, na kioo kikubwa tulichokinunua Moshi tukarudi nacho tumekishikilia wawili nyuma ya pikapu kisivunjike. Amesuka maharusi wa nusu ya mtaa huu. Alikuwa na kibali cha kuishi, leseni ya biashara, analipa kodi, analipa ada ya taka. Amefundisha wasichana wanne, Watanzania wote, na wawili kati yao leo wana saluni zao.

Mwishoni mwa Julai 2025 ikatoka amri ya Wizara ya Viwanda na Biashara, wakati huo waziri akiwa Selemani Jafo, kuwakataza wasio raia kufanya biashara 15. Humo ndani kuna uwakala wa miamala ya simu, ufundi simu, saluni, usafi wa nyumba na maofisi, uchimbaji mdogo wa madini, kuongoza watalii, udalali, kununua mazao shambani, na maduka ya jumla na rejareja. Asiye raia akikutwa, faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo hadi miezi sita, na kibali chake kinafutwa. Mtanzania akimsaidia, milioni 5 au miezi mitatu. Amri haikutenganisha mgeni aliyetoka bara lingine na mwana Afrika Mashariki. Sote kapu moja.

Leseni ya mke wangu ilikuwa inaisha Septemba. Alipokwenda kuihuisha akaambiwa haiwezekani. Siku ya mwisho alikuwa anamsuka binti aliyekuwa anasafiri kesho yake kwenda chuo. Kushoto kumeshasukwa, kulia nywele bado zimesimama. Akaja mtu na karatasi. Nilikuwepo. Hakuwa mkali, alisema pole zaidi ya mara moja, lakini akasema mlango ufungwe. Mke wangu akauvuta mlango hadi nusu, akawasha taa, akamaliza ule upande wa kulia. Kwa muda wa saa mbili na nusu hakuna aliyezungumza. Binti alilipa, akatoka bila kujitazama kwenye kioo.

Sasa nasema lililonileta. Nimeona vijana wa mtaa huu huu, wengine dada zao wamefundishwa kazi na mke wangu, wakishangilia amri ile kwenye simu zao. "Wacha Wakenya wakome." Nikakumbuka Juni 2019, yule mbunge wa Starehe wa wakati ule, Charles Njagua anayejulikana kama Jaguar, aliposimama Nairobi akawapa wafanyabiashara wa kigeni sokoni, Watanzania na Waganda wakiwemo, saa 24 waondoke la sivyo watapigwa. Nchi hii ilichemka. Bungeni walisimama kudai maelezo. Serikali ya Kenya ikajitenga na kauli yake na polisi wakamkamata. Siku ile dada yangu alinipigia simu kutoka Taveta anauliza kama arudi nyumbani na watoto. Anauza vitenge na madera kule. Nilimwambia avumilie, ule ni upuuzi wa mtu mmoja. Mwaka 2025 mke wangu naye akaniuliza swali lile lile. Nilishindwa kumwambia ni upuuzi wa mtu mmoja, kwa sababu safari hii ilikuwa ni sheria.

Angalieni mwaka 2017 peke yake. Februari, Msumbiji iliwafukuza Watanzania kwa maelfu kutoka machimbo ya rubi ya Montepuez. Walifika Mtambaswala kule Mtwara wengine hawana hata begi, wanasimulia walivyopigwa na kunyang'anywa. Tuliumia, na tulikuwa na haki ya kuumia. Haikupita hata mwaka. Oktoba mwaka huo huo tukawapiga mnada ng'ombe 1,325 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kufuata malisho. Siku chache baadaye, pale Namanga, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vikachomwa moto kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege. Mmasai wa Kajiado na Mmasai wa Longido ni ukoo mmoja na ng'ombe wao wanajuana. Mstari uliowatenganisha ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Kama hofu ni ugonjwa, karantini ipo, na kumrudisha mtu na mzigo wake kunawezekana. Moto ule ulikuwa wa kumwonyesha jirani.

Siwatetei Wakenya. Machi 2021 walizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, bila kutuonya. Malori yakapanga foleni, mahindi yanapata joto kwenye turubai, na siku chache tu baadaye wakaruhusu kwa masharti. Mama mmoja jirani yetu alikuwa na gunia 60 kwenye lori la watu wengine. Hakuambiwa na mtu yeyote apimie wapi hiyo sumukuvu. Mwaka 2017 walizuia gesi ya kupikia isipite barabarani kutoka kwetu. Ninachosema ni kwamba yale yale yaliyotuuma tunayafanya, na tukiyafanya tunayaita uzalendo.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko yote, sijaona mtu akiligusa. Desemba 2024 kampuni ya Kitanzania, Amsons, ilikamilisha kuinunua Bamburi, kiwanda kikubwa cha saruji cha Kenya, kwa zaidi ya shilingi bilioni 23 za Kenya. Taifa Gas yetu imewekewa jiwe la msingi Mombasa na Rais Ruto mwenyewe, Februari 2023. Benki za Kenya ziko Dar, Arusha, Moshi. Haya yote ni mazuri, sina tatizo nayo. Lakini kama mpaka unamruhusu mwenye bilioni avuke kwenda na kurudi, kwa nini umfungie mwenye draya mbili? Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ulisainiwa Novemba 2009 na kuanza Julai 2010. Tuliambiwa ni la wananchi.

Huku sokoni tunajua mambo mawili: lumbesa na sado iliyobonyezwa kitako. Mchuuzi akinunua kwa mkulima anataka lumbesa, gunia limevimba mpaka limeshonewa kofia. Akiuza anatoa sado iliyobonyea. Hivyo ndivyo tunavyofanya mpakani, sisi na wao. Haki tunaidai kwa lumbesa, tunaitoa kwa sado iliyobonyea.

Karibuni tujadili. Matusi sitayajibu.

#2 · Dar es Salaam

Mkuu, kwanza mpe pole shemeji. Hilo limenigusa na sitaki uone nalipuuza.

Lakini mimi niko Kariakoo mwaka wa 17 sasa na nitakwambia tunavyoishi. Mgeni anakuja na kontena, kiwanda ni cha kaka yake kule kwao, mzigo anauchukua kwa bei ambayo mimi siwezi kuipata hata nikilala mlangoni. Halafu hauzi jumla, anafungua fremu anauza vipande viwili vitatu, kwa bei ambayo mimi nauziwa jumla. Anampa kijana wa Kitanzania jina kwenye leseni, anamlipa kidogo kwa mwezi, basi. Tumelia miaka. Ilipotoka ile amri mimi nilimshukuru Mungu, na nikwambie ukweli sikumfikiria mtu wa Taveta. Nilimfikiria jirani yangu wa fremu ya kushoto.

Halafu usiseme Tanzania ni nchi ya chuki. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 162,000, tuliwapa uraia. Nitajie jirani mwingine aliyefanya hivyo kwa mara moja. Na ardhi yetu ndiyo tuliyonayo. Tukifungua holela, wenye mitaji watainunua yote, na mitaji iko kwao.

#3 · Kwale, Kenya

Mwanzisha uzi, nimeisoma hadithi ya mkeo mara mbili. Mimi ni mtu wa Vanga, huku kwetu ng'ambo ya Horohoro, na nataka nikupe upande wetu pasi na kuficha aibu yetu.

Hapa pwani ya Kwale tunao Wapemba. Si wageni wa jana. Wengine babu zao walikuja kuvua kabla ya uhuru, wengine walikimbia baada ya mapinduzi ya 1964. Wamezaliwa hapa, wamezikana hapa, tunaozana. Lakini Kenya ilikuja kuwakubali kuwa kabila la Kenya mwaka 2023 tu. Miaka yote hiyo mtu anazaliwa Shimoni, anazeeka Shimoni, na hana kipande, yaani kitambulisho. Bila kipande huandikishi laini ya simu, huna M-Pesa yako, hupati leseni ya uvuvi. Nilimjua mzee aliyekuwa fundi wa ngalawa, mikono yake imeunda nusu ya vyombo vya ghuba yetu. Pesa zake za simu zilikuwa zikipitia laini ya mjukuu wa jirani. Akisikia askari wa doria wako pwani, alijifungia ndani, mtu wa miaka sabini na ushei. Alifariki kabla ya 2023.

Kwa hivyo Mkenya anapomlaumu Mtanzania juu ya hiyo amri ya biashara 15, mimi nanyamaza kidogo. Waziri wetu wa biashara, Lee Kinyanjui, alilalamika kwamba imevunja mkataba wa Soko la Pamoja, na alikuwa na hoja. Lakini huku Kwale hoja hiyo tungeikumbuka sisi wenyewe mapema zaidi.

Ila ndugu zangu wa Tanzania, mpaka wenu una ukaidi wa aina yake. Tangu Januari 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Mie nikitaka kuja Tanga kumzika shangazi natakiwa niwe na pasipoti au hati ya muda. Maiti haingoji karatasi. Kwa hivyo watu wanapita njia za panya, kisha mnawaita wahamiaji haramu, na wengine wameshika ubani mkononi.

#4 · Himo, Kilimanjaro (mwanzisha uzi)

Ndugu wa Kwale, ahsante. Habari ya huyo mzee wa ngalawa nimemsomea mke wangu kwa sauti. Akasema anamjua mtu wa hivyo, isipokuwa wake yuko hapa Kilimanjaro.

Mkuu wa Kariakoo, nimekuelewa na siwezi kukubishia kuhusu jirani yako wa fremu ya kushoto. Lakini jione ulivyosema mwenyewe: hukumfikiria mtu wa Taveta. Ndilo jambo langu lote. Aliyeandika ile amri naye hakumfikiria. Mkataba tuliousaini unamtaja mtu wa Taveta tofauti na wa bara lingine, na ilikuwa ni kuandika mstari mmoja tu: isipokuwa raia wa nchi wanachama. Mngepata mlichokitaka Kariakoo na mke wangu angekuwa anasuka hadi leo.

Kuna watu wamenitumia ujumbe pembeni wananiuliza kwa nini nisiandike leseni kwa jina langu. Nimeshaeleza, Mtanzania anayemsaidia asiye raia ni milioni 5 au miezi mitatu ndani. Wengine wanauliza kwa nini asichukue uraia. Sheria yetu inamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba, ni kweli. Lakini hatukubali uraia pacha. Kenya wanaukubali tangu katiba ya 2010, sisi bado. Kwa hiyo ili asuke nywele, aukane uraia wa nchi aliyozikwa mama yake. Mimi siwezi kumwomba hivyo. Na hapo hapo tazameni: kama dada yangu na mume wake wa Taveta wangeishi Himo, shemeji huyo wa kiume asingekuwa hata na mlango huo wa ndoa. Mke wa Mtanzania anaruhusiwa kuomba kwa ndoa, mume wa Mtanzania haruhusiwi kwa njia hiyo. Hata ndani ya nyumba moja tuna sado mbili.

Kuhusu ardhi tusiwaonee Wakenya wala tusijione sisi tu. Sheria yetu ya Ardhi ya 1999 inamnyima mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwao, Ibara ya 65 ya katiba inampa mgeni kukodi tu, isizidi miaka 99. Hapo tuko sawa, hakuna wa kumcheka mwenzake.

#5 · Karagwe, Kagera

Nilikuwa nasoma tu, lakini mliposema Montepuez nimeona niseme ya kwetu, kwa sababu huko Dar hamkuyaona.

Julai 2013 Rais Kikwete akiwa huku Kagera alitoa siku 14 wahamiaji haramu waondoke kwa hiari. Baadaye ikaja Operesheni Kimbunga, Kagera, Kigoma na Geita. Ujambazi wa kuteka mabasi huku ulikuwepo, tusidanganyane. Tulikuwa tunasindikizwa na polisi kwa msafara. Serikali ilikuwa na sababu.

Jirani yetu alikuja mtoto mdogo kutoka Rwanda, wazazi wake wakikimbia miaka ya mwanzo ya sitini. Hana lugha nyingine anayoijua vizuri kuliko Kinyambo na Kiswahili. Mke wake ni Mnyambo wa hapa hapa. Alikuwa na kadi ya chama ya zamani, imechakaa pembeni, ameihifadhi kwenye mfuko wa sukari. Alipofuatwa aliitoa hiyo kadi akaionyesha. Wakamwambia hiyo siyo uraia. Aliondoka na ng'ombe alioweza kuwaswaga. Wengine aliniachia mimi nimtunzie. Mkewe alibaki kwa sababu watoto walikuwa wanakaribia mtihani. Wenzake walipokelewa kambini Kiyanzi ng'ambo ya Rusumo, watu ambao hawajawahi kuishi Rwanda tangu wapate akili, wanaambiwa karibu nyumbani.

Mwaka 2016 alirudi kuwaona watoto. Alikuja na pasipoti ya Rwanda, imegongwa muhuri, mgeni halali kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alikaa kwangu siku tano. Nilimwonyesha ng'ombe wake, walikuwa wamezaa. Akasema wabaki.

Kwa hiyo mkuu wa Kariakoo, wale 162,000 ni kweli na mimi najivunia. Lakini nchi iliyowapa wale uraia ndiyo hiyo hiyo iliyomtoa huyu, na miaka yenyewe inakaribiana. Vyeti vya Warundi vimetolewa kwa wingi 2014, mwaka mmoja baada ya Kimbunga. Mimi sijui nimweleze vipi mtoto wake, ambaye sasa ni mwalimu hapa wilayani.

#6 · Arusha

Nafanya kazi inayonikutanisha na huu mkataba wa Soko la Pamoja kila siku, basi niongeze mambo ambayo watu wanayachanganya.

Ndugu wa Kwale, kuhusu kitambulisho Tanzania haijavunja mkataba. Ibara ya 9 inasema nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa vya kusomeka kwa mashine ndizo zitakazovitumia. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, sisi hatukuingia. Waweza kusema ni roho mbaya, lakini ni halali. Ardhi nayo, Ibara ya 15 imeiacha kwa sheria za kila nchi, na Tanzania ndiyo iliyoshikilia hivyo kwenye mazungumzo. Hata kwenye ajira, kila nchi ilijaza orodha ya kada itakazozifungulia, na yetu ilikuwa fupi.

Haki ya kuanzisha biashara ni Ibara ya 13, na hapo mwanzisha uzi ana kesi nzito kuliko anavyodhani. Nchi inaweza kuweka mipaka kwa ajili ya usalama, afya ya jamii au sera ya umma, lakini kwa sababu zinazoelezeka. Kusuka nywele sidhani kama utaliingiza kwenye usalama wa taifa.

Na msidhani hakuna mtu aliyewahi kushinda. Aprili 2011 wakili mmoja Mkenya alizuiwa Entebbe akarudishwa Nairobi bila kuambiwa kosa lake. Alikuja hapa kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, na Mei 2013 ikaamua Uganda ilivunja Mkataba. Mahakama haikukubali kwamba mamlaka ya nchi juu ya mpaka wake yanaifuta ahadi iliyosaini. Hukumu hiyo ipo. Pamoja na hiyo hukumu, Mei 2025 wakili na mwanasiasa wa Kenya, Martha Karua, alizuiwa uwanja wa ndege Dar na kurudishwa Kenya, alipokuwa amekuja kufuatilia kesi ya Tundu Lissu. Watu walibishana kisiasa, wengine wakafurahi. Mimi nilichoona ni kwamba wengi wa waliofurahi hawajui kwamba hukumu ile ile ndiyo ingemlinda Mtanzania akirudishwa Nairobi au Entebbe.

Ila mkuu wa Himo, kuna sharti linaloua wengi. Mwananchi ana miezi miwili tu tangu kitendo kitendeke au alipokijua. Ikipita, mahakama haikusikilizi hata uwe na haki kiasi gani.

#7 · Dar es Salaam

Nimesoma ya Karagwe nimekaa kimya muda mrefu. Sina cha kujibu pale.

Msimamo wangu kuhusu wageni wa kontena uko pale pale, sitaubadilisha. Lakini ule mstari mmoja, "isipokuwa raia wa nchi wanachama", nakubali ungewekwa. Na nikumbushe jambo linaloendana na hili. Aprili 2025 Waziri wa Kilimo wa wakati ule, Bashe, alizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kwa sababu Malawi ilizuia mchele, unga na ndizi zetu na Afrika Kusini ilizuia ndizi zetu. Siku chache baadaye mazungumzo yakafunguka, zuio likaondolewa. Mimi niliona tumefanya vizuri, mtu akikubana mbane mpaka akae mezani. Lakini pale tulisema wazi: tunafanya kwa sababu mmetufanyia, mkiacha tunaacha. Hii ya saluni hatukumwambia Mkenya aache nini ili nasi tuache.

#8 · Himo, Kilimanjaro (mwanzisha uzi)

Mkuu wa Kariakoo, hapo umesema neno ambalo mimi nimelitafuta siku tatu sikulipata. Ahsante kaka.

Mkuu wa Arusha, miezi miwili ilishapita. Tulikuwa tunazunguka kwenye maofisi, leo njoo kesho, kesho njoo na barua ya mtaa, tukiamini kuna mtu atatuelewa. Hakuna aliyetuambia kuhusu mahakama iliyo mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Kama kuna mwingine anasoma hii na leseni yake inakaribia kuisha, asifanye kosa letu. Ahesabu siku kuanzia anapokataliwa.

Wa Karagwe, watunze hao ng'ombe.

Nilitaka niandike hapa mapendekezo, nimeyafuta. Wanaotunga amri wana wataalamu. Ninachotaka ni kwamba siku nyingine Kenya ikituzuia mahindi, au mbunge wao akitoa saa 24, yule kijana wa Himo aliyeshangilia kwenye simu yake amkumbuke dada yake alifundishwa kusuka na nani. Na dada yangu kule Taveta anayeuza madera, nataka Mkenya wa kule amkumbuke kabla hajashangilia ya kwao.

Sisi tumeamua. Mke wangu anahamishia saluni Taveta, karibu na duka la dada yangu. Atakuwa anavuka asubuhi na kurudi jioni, na mtoto wetu mdogo atabaki na mama yangu. Vifaa vyote ni vya zamani, havina risiti isipokuwa kioo. Cheti rahisi cha uasili najua ni cha bidhaa za kuuza zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi dola 2,000, kwa hiyo sidhani kama kinatufaa. Mwenye kujua utaratibu halali wa kuvusha draya mbili na viti vitatu vilivyotumika, kama vifaa vya kazi, aniandikie tafadhali kabla ya Jumatano. Njia ya panya hatutapita.